Mbadala wa antibayotiki za kukuzia kuku hauuzwi kwa pakiti

Geuza pakiti ya "vitamini za vifaranga" usome maandishi madogo ya nyuma. Si ajabu, kabla ya kufika kwenye vitamini A, D3 na E, ukakutana na oksitetrasaiklini, au neomaisini, au zote mbili. Mfugaji ameambiwa dukani aweke kijiko kimoja kwenye ndoo ya lita 20 tangu siku vifaranga wanapofika, na wapo wanaoendelea hivyo hivyo mpaka mnunuzi aje na matenga yake. Katika mazungumzo yote hayo neno antibayotiki halikutajwa, wala hakukuwa na kuku mgonjwa. Hicho ndicho kichocheo cha ukuaji: antibayotiki ya dozi ndogo isiyotosha kutibu, inayotolewa mfululizo ili mnyama aongeze uzito haraka zaidi kwa chakula kilekile.

Sasa kwa kuwa kelele za usugu wa dawa, yaani bakteria kutosikia tena dawa, zimefika hata kwa wafugaji wadogo, swali linaloulizwa kila mahali ni moja: nitumie unga gani badala yake? Wauzaji wanalo jibu tayari, na rafu zimejaa probiotiki (bakteria hai wenye manufaa), tindikali, mafuta ya oregano, vimeng'enya na mchanganyiko wa mitishamba. Baadhi ya bidhaa hizo ni nzuri. Tatizo liko kwenye swali lenyewe, maana linachukulia kwamba antibayotiki ilikuwa inaongeza kitu ndani ya kuku. Haikuongeza kitu. Ilikuwa inalipa madeni ya banda, na ukiitoa bila kujua ni deni lipi lililokuwa likilipwa, utanunua pakiti tatu mpya na hesabu itabaki vilevile.

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara za Lederle nchini Marekani walikuwa wanatafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa vifaranga. Walijaribu mabaki ya uchachushaji wa bakteria anayetengeneza klotetrasaiklini, dawa iliyokuwa ndiyo kwanza imeingia sokoni. Vifaranga walikua kuliko B12 peke yake inavyoweza kueleza. Taarifa ilitoka mwaka 1950, na kufikia 1951 Marekani ilikuwa imeruhusu antibayotiki kwenye chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Katika majaribio ya miaka ile ongezeko la uzito lilikuwa kati ya asilimia 4 na 8, na chakula kiliokolewa kwa asilimia 2 hadi 5. Faida hiyo imepungua sana tangu wakati huo, na sababu yake ndiyo kiini cha mjadala huu.

Wanasayansi hawajamaliza kubishana juu ya njia kamili inayotumika, lakini mambo mawili hayana ubishi. Kuku aliyelelewa maabara bila bakteria wowote mwilini hakui zaidi akipewa antibayotiki. Na kuku aliye kwenye banda safi, jipya, lenye chakula bora, hunufaika kidogo mno kuliko aliye kwenye banda chafu. Maana yake ni kwamba dawa haimgusi kuku moja kwa moja. Inapunguza bakteria kwenye utumbo mwembamba, wale wanaokula sukari na amino asidi kabla kuku hajazifyonza, wanaovunja chumvi za nyongo hadi mafuta yapite bila kusagwa, na wanaouudhi ukuta wa utumbo mpaka unene na kinga ya mwili ibaki vitani muda wote. Vita hiyo inagharimu chakula. Mabanda yalipoboreshwa, chanjo zilipoongezeka na vyakula vilipokamilishwa, deni lilipungua, na dawa ikakosa cha kulipa.

Tufanye hesabu ya kuku 500 wa nyama. Kwa usimamizi mzuri kila mmoja atakula takriban kilo 3.5 hadi afikishe kilo 2 kwenye siku ya 35. Jumla ni kilo 1,750, yaani mifuko 35 ya kilo 50. Tuseme kichocheo kinaokoa asilimia 3, kiwango cha ukarimu kwa kuku wa leo: umepata mfuko mmoja na vikilo viwili vitatu. Si haba, lakini linganisha na vitu vingine vinavyotokea kwenye banda hilohilo. Vyombo vya chakula vikijazwa pomoni, kuku wanakichakura na kukimwaga kwenye maranda, na mfuko mmoja unapotea bila mtu kuuona. Jaza chombo theluthi moja, kining'inize mdomo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, kisha kipandishe kila siku chache kadiri wanavyokua. Kuku kumi na watano wakifa wiki ya tano, wamekufa na takriban kilo 40 za chakula tumboni mwao, achilia mbali bei ya kifaranga. Panya wakiwa na tundu stoo, usiniulize.

Nchi iliyotupa ushahidi mzuri kuliko zote ni Denmark, na inafaa kuikalia kidogo kwa sababu watu hunukuu nusu yake tu. Mwaka 1995 walipiga marufuku avopasini, kichocheo cha jamii moja na vankomaisini, dawa ambayo hospitali huitunza kwa wagonjwa mahututi. Januari 1998 wakapiga marufuku vajiniamaisini. Kisha wafugaji wenyewe wakaacha vichocheo vyote: kwa kuku wa nyama na nguruwe wa kunenepesha mapema mwaka huohuo wa 1998, na kwa watoto wa nguruwe kufikia mwisho wa 1999. Umoja wa Ulaya uliwafuata Januari 2006, lakini Sweden ilikuwa imewatangulia wote tangu 1986.

Kwa kuku matokeo yalikuwa karibu ya kuchekesha kwa udogo wake: chakula kilichohitajika kupata kilo moja ya kuku kiliongezeka kwa gramu 16. Vifo havikuongezeka, na pesa iliyokuwa ikienda kwenye vichocheo ilifidia hiyo tofauti. Hapa wanaharakati huishia. Wasichosema ni kwamba salinomaisini, inayotumika kuzuia koksidia (vimelea wa kuhara damu), iliendelea kuruhusiwa, na matumizi yake yaliongezeka. Salinomaisini inazuia pia klostridia, bakteria anayeozesha utumbo wa kuku. Kwa hiyo kuku wa Denmark hawakuachwa mikono mitupu.

Kwa nguruwe waliokomaa hapakuwa na shida ya maana. Kilio kilikuwa kwa watoto wa nguruwe waliotoka kuachishwa kunyonya. Waliharisha, vifo vikapanda, na matibabu ya kuhara yakaongezeka. Wapinzani wa marufuku walishika takwimu hiyo kwa mikono miwili: mnaona, dawa za kutibu zimeongezeka! Ni kweli ziliongezeka. Lakini ukijumlisha vichocheo na dawa za tiba, Denmark ilitumia zaidi ya tani 200 mwaka 1994 na chini ya tani 100 mwaka 2001, na gharama ya ziada kwa kila nguruwe ilikadiriwa kuwa takriban yuro moja. Watoto wa nguruwe waliumia kwa sababu waliachishwa wakiwa na wiki nne au pungufu, utumbo haujawa tayari kwa nafaka na soya. Mfugaji wa Kiambu au Moshi anayeachisha kwenye wiki ya nane, ambaye huambiwa yuko nyuma ya wakati, hana deni hilo kabisa. Akiambiwa aachishe mapema ili jike lizae mara nyingi zaidi, aelewe kwamba ananunua na ugonjwa humohumo.

Na usugu je? Mwaka 1995, asilimia 72.7 ya bakteria aina ya Enterococcus faecium waliopatikana kwa kuku wa Denmark walikuwa sugu kwa dawa za kundi la vankomaisini. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 5.8. Kwa nguruwe usugu huo uligoma kushuka kwa miaka mitatu baada ya avopasini kuondolewa, watu wakashangaa. Ilikuja kubainika kwamba jeni ya usugu wa vankomaisini na jeni ya usugu wa tailosini, antibayotiki nyingine ya mifugo, zilikaa kwenye kipande kimoja cha vinasaba, na tailosini ilikuwa bado inatolewa kwa nguruwe. Ilipoachwa, zote mbili zikashuka. Kwa hiyo anayesema "mimi situmii dawa za watu, natumia tailosini ya kuku tu" hajasema kitu kikubwa.

Uholanzi ilifanya marufuku ileile ya 2006 na ikapata matokeo tofauti. Vichocheo vilitoweka kwenye makaratasi, halafu dawa za "tiba" zikapanda hadi kilele mwaka 2007. Unga uleule ulibadilishiwa jina. Mambo yaligeuka pale serikali ilipoweka lengo la kupunguza nusu ya mauzo ya 2009 ifikapo 2013, na mwaka 2010 ikaanzishwa taasisi ya kuhesabu dawa shamba kwa shamba na daktari kwa daktari. Lengo lilifikiwa. Denmark walikuwa wametangulia jambo hilo pia: tangu 1995 walibana faida ya daktari wa mifugo kwenye kuuza dawa, ili anayeandika asinufaike na anachokiandika. Mwaka huohuo walianza kuhesabu, na mwaka 2010 wakaongeza kadi ya njano, yaani onyo, kwa shamba linalozidisha.

Huku kwetu anayeshauri ndiye anayeuza, na huenda ndiye daktari pekee mfugaji anayemjua. Muuza duka akisema "safisha maji, punguza kuku, ongeza maranda", hajauza chochote siku hiyo. Tanzania na Kenya zote zilikuwa na mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu kwa miaka 2017 hadi 2022, na kisheria antibayotiki za mifugo zinatakiwa kutolewa kwa maelekezo ya daktari. Lakini sheria haiwezi kushinda mfumo ambao ushauri ni wa bure na pakiti ndiyo yenye faida. Marufuku ya vichocheo peke yake itatupeleka Uholanzi ya 2007: pakiti ileile, lebo ikisomeka "kinga". Ningekuwa na nafasi ya kuamua jambo moja, ningeanza na kupiga marufuku kuchanganya antibayotiki na vitamini kwenye pakiti moja. Mtu akitaka oksitetrasaiklini ainunue kwa jina lake, na akitaka vitamini apate vitamini.

Sasa mbadala. Wiki ya kwanza ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo tunayoiharibu kwa bidii kubwa. Kifaranga wa mashine hajawahi kumwona mama. Utumbo wake unakaribia kuwa mtupu, na bakteria wa kwanza kuingia ndio watakaoweka makazi. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kwamba vifaranga waliopewa yaliyomo kwenye utumbo wa kuku mkubwa mwenye afya walipata kinga dhidi ya salmonela, kwa kuwa nafasi zote zilikuwa zimeshachukuliwa. Sisi tunachofanya ni kumwaga antibayotiki siku tatu hadi tano za mwanzo, wakati huohuo makazi yanapogawanywa. Siku ya sita dawa inakoma, na walioachiwa uwanja ni wale ambao dawa haikuwaweza.

Kama vifaranga wamefika wazima, wanachohitaji ni joto, maji na chakula. Joto liwe nyuzi 32 hadi 33 kwenye usawa wa kifaranga, lipunguzwe kama nyuzi 3 kila wiki, na maranda yawe yamepashwa moto kabla hawajafika, maana kifaranga anayesimama kwenye sakafu ya baridi hasogei kutafuta chakula. Baada ya saa 24 wakamate vifaranga 30 kutoka pembe tofauti za bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto) na uguse gole, mfuko wa chakula ulio shingoni: angalau 28 wawe wamejaa, na gole liwe laini. Gole gumu maana yake amekula hakunywa. Gole tupu kwa vifaranga wengi ni tatizo la joto au mwanga au vyombo, na hakuna unga utakaolirekebisha. Ukipima mara moja tu kwenye maisha ya kundi, pima siku hiyo.

Probiotiki inaingia vizuri hapa, ikitolewa kwenye maji ya kwanza kabisa. Soma lebo: lazima kuwe na jina la bakteria, idadi yao hai kwa gramu, na tarehe ya mwisho. Isiyoandika idadi ni mbuzi kwenye gunia. Bakteria wa jamii ya basila hutengeneza mbegu ngumu, kwa hiyo huvumilia stoo ya joto na mashine ya kutengeneza punje za chakula. Wale wa laktobasila hufa kwenye mashine hiyo, na hawafai kwenye duka lenye bati la moto lisilo na friji. Usiwaweke kwenye maji yenye klorini, wala pamoja na antibayotiki. Hilo linaonekana wazi, lakini wapo wanaofanya hivyo kila siku kwa kuwa vyote viwili vilishauriwa na mtu mmoja.

Maji nayo yana hesabu zake. Maji ya kisima kifupi yakiwa na kinyesi, kuku anakunywa maambukizi mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, mililita 100 kwenye tangi la lita 1,000, inakupa takriban miligramu 3.5 kwa lita. Unachotaka ni miligramu 2 hadi 5 kwenye chombo cha mwisho kabisa cha kunywea, si tangini, na karatasi za kupimia zinauzwa kwa wauza vifaa vya mabwawa ya kuogelea. Maji yenye tope hula klorini yote kabla haijafanya kazi, kwa hiyo yatulie na kuchujwa kwanza. Acha klorini saa 48 kabla ya chanjo ya kideri au Gumboro inayotolewa kwenye maji, na siku ya chanjo changanya gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, dakika kumi kabla ya kuweka chanjo. Chanjo nyingi zinazosemekana kuwa "feki" ziliuawa na klorini au na jua.

Tindikali kama fomiki, propioniki na laktiki hushusha pH ya maji (kipimo cha uchachu: kikishuka, maji yamechachuka zaidi) hadi karibu 4 na kuwabana salmonela na kolai, bakteria wa kinyesi. Ukishuka chini ya hapo kuku hupunguza kunywa, na mabomba ya bati huliwa. Zipo hitilafu mbili ambazo wauzaji hawazitaji. Tindikali dhaifu kwa dozi ndogo huotesha utelezi wa ukungu ndani ya mabomba, kwa hiyo yanatakiwa yasafishwe kati ya kundi na kundi. La pili ni la hatari: usimimine tindikali isiyozimuliwa kwenye chombo chenye dawa ya klorini, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu inayoweza kumdhuru aliyesimama pale.

Vimeng'enya ndivyo ningevinunua kwanza kati ya vyote vya pakiti, kwa sababu faida yake inahesabika. Fitezi inafungua fosforasi iliyofungwa kwenye pumba na nafaka, ambayo kuku hawezi kuisaga mwenyewe. Vipimo 500 kwa kilo ya chakula hutoa fosforasi ya kutosha kupunguza kama kilo 6 za DCP (dikalsiamu fosfeti, unga wa madini ya fosforasi) kwenye tani, na DCP ni miongoni mwa vitu ghali kwenye fomula. Lakini uipunguze kweli! Anayeongeza fitezi na kuacha DCP palepale amenunua kitu na kukitupa. Zailanezi hufanya kazi kubwa kwenye chakula chenye ngano, shayiri au pumba ya ngano, ambapo kinyesi hunata na maranda huloa. Kwenye mahindi na soya tupu, faida ni ndogo. Vimeng'enya vya kawaida hufa joto la mashine likipita nyuzi 80 au 85, hivyo kwa punje tafuta vilivyofunikwa au vinyunyizwe baadaye.

Kuchachusha chakula ni njia ya bei nafuu, na wenye nguruwe hasa wangeitumia zaidi. Nafaka iliyosagwa na maji ya kutosha kuifunika huachwa saa 24 hadi 48 kwenye pipa la plastiki, kisha nusu hutumika na nusu hubaki kama kianzio cha kesho. Harufu iwe ya uji mchachu, na pH chini ya 4.5. Ikinuka kuoza au ikiota nywele, mwaga yote na uoshe pipa. Kosa linaloumiza mfuko ni kuchachusha chakula kizima chenye premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na laisini (amino asidi) ya dukani: bakteria wa saa za mwanzo huila laisini hiyo, nguruwe akabaki amedumaa huku mfugaji akijisifu kwa chakula chake cha asili. Chachusha nafaka na pumba pekee, laisini na premiksi ziingie wakati wa kulisha.

Kwenye mitishamba maneno yangu ni machache, na najua hayatapendeza. Mafuta ya oregano na mdalasini yaliyopimwa kiwandani yana ushahidi wa kutosha kuyachukulia kwa uzito. Kitunguu saumu, shubiri na mwarobaini vya kutwanga nyumbani havina dozi, kwa kuwa jani la kiangazi si sawa na la masika. Utomvu wa njano wa shubiri huharisha, mwarobaini mwingi huua hamu ya kula, na maji ya kitunguu saumu yakilala usiku kucha huwa bwawa la bakteria. Majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini ni chakula kizuri hadi asilimia 5 ya mchanganyiko, lakini yahesabiwe kama protini, si kama dawa.

Zinki oksaidi kwa dozi kubwa, gramu 2,500 za zinki kwa tani, ndiyo iliyowaokoa wafugaji wa nguruwe wa Ulaya baada ya 2006. Nayo ikapigwa marufuku katikati ya 2022, kwa kuwa zinki haiozi ardhini na huwabeba bakteria sugu pamoja nayo. Asije mtu akatuletea kama kitu kipya.

Hapo kwenye salinomaisini na monensini, dawa ya jamii moja nayo, pana mtego unaoua kuku wengi bila sababu kujulikana. Dawa hizi huwekwa na baadhi ya viwanda vya chakula kuzuia kuhara damu. Kuku akipata mafua sugu na mfugaji akapewa antibayotiki iitwayo tiamulini, ini la kuku linashindwa kuitoa salinomaisini, na ndani ya siku moja mbili kuku wanalala miguu imepooza. Kabla ya tiamulini, uliza kiwandani kilichomo kwenye chakula. Na chakula hicho cha kuku kisimfikie punda wala farasi hata kwa mabaki: monensini kidogo tu inatosha kumuua kwa moyo.

Kuhusu homoni, maana kila mjadala wa kuku hatimaye hufika huko: kuku wa kisasa hapewi homoni. Homoni ya ukuaji ni protini, ingesagwa tumboni kama dagaa, na kuwachoma sindano kuku elfu moja kila siku hakuna anayeweza kukulipa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada waliwalisha chakula kilekile kuku wa uzao uliohifadhiwa tangu 1957 na wa uzao wa 2005. Siku ya 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 4,202. Tofauti yote hiyo ni ya uteuzi wa mbegu. Homoni halali ziko kwa ng'ombe wa nyama wa Marekani, vipandikizi vinavyowekwa chini ya ngozi ya sikio, na Ulaya imezikataa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Likija suala la kuamua pakiti ipi inafanya kazi, mfugaji huambiwa "jaribu mwenyewe utaona". Ajaribu, lakini ajue macho yake yanaweza kuona nini. Gawanya banda kwa wavu, kuku 250 kila upande, chakula na vyombo vilevile, maji kwenye mapipa mawili tofauti. Pima chakula kinachoingia na kinachobaki kila upande, na siku ya 35 pima kuku 50 mmoja mmoja kutoka kila upande, bila kuchagua: zungushia wavu kundi pembeni na upime wote walionaswa. Kuku wa kilo 2 hutofautiana wao kwa wao kwa takriban gramu 200, hivyo kwa sampuli ya 50 kwa 50, tofauti iliyo chini ya gramu 80 kati ya wastani mbili inaweza kuwa bahati tu. Gramu 80 ni asilimia 4, ilhali bidhaa nzuri kwenye banda zuri inaleta asilimia 1 hadi 3. Ndiyo maana kundi moja halitoshi. Rudia kwa makundi manne, ukibadilisha upande kila mara, kwa sababu upande wenye upepo mzuri hushinda hata bila dawa. Ukiona gramu 80 kwenye kundi la kwanza tu, kabla ya kurudi dukani kagua upande ulioshindwa: shika maranda ukiyakamua mkononi, yakibaki donge yameloa mno, na inama kichwa kifike usawa wa kuku ukae dakika moja. Macho yakiwasha, amonia imepita kiwango ambacho kuku anaweza kukua nacho.